Bando la Usiku

Saa sita kamili ujumbe unaingia:
gigabaiti tatu, mwisho saa kumi na moja alfajiri.
Navuta blanketi begani, nafungua kompyuta
aliyoiacha shemeji alipohamia Tunduma.
Kitufe cha herufi N kiling'oka zamani,
nabonyeza kidonda kilichobaki.
Feni yake inakoroma, tumbo linachemka,
nami nanyoosha vidole juu yake kama juu ya jiko.

Hapa Tukuyu mvua hainyeshi, inaishi.
Ina chumba chake juu ya bati letu
na kodi hailipi.
Umeme ukikohoa mara mbili najua mara ya tatu ni giza,
kwa hiyo nahifadhi, nahifadhi, nahifadhi,
kama bibi alivyokuwa akifunika chumvi.

Mwalimu wangu ni mkono tu na sauti.
Sijui kwao wapi. Nyuma yake jogoo huwika
saa ambazo jogoo wetu hawawiki,
na kila jambo kwake ni "rahisi sana".
Namsimamisha. Namrudisha nyuma sekunde kumi.
Namsimamisha tena. Hachoki, hanuni;
mwalimu wetu wa hesabu angekwisha kuvunja fimbo.

Skrini nyeusi tititi, haina picha hata moja,
kimstari tu kinapepesa jicho kule juu
kama mgeni mlangoni asiyejua kubisha hodi.
Naandika. Linux inajibu: huna ruhusa.
Kwenye mashine yangu! Ninayolala nayo!
Nikajifunza kutanguliza sudo, yaani
naomba kwa jina la mwenye nyumba.
Ikataka nywila, nikaandika,
na hapakuonekana herufi wala nukta,
nikadhani kitufe kingine kimekufa.

Juzi nilifuta kabrasha zima.
Pengo moja tu, pengo tupu kati ya jina na nyota,
na kazi ya wiki tatu ikaondoka
bila kuacha hata ukungu.
Huku hakuna kapu la taka. Hakuna "una uhakika?"
Nililia, nikacheka, nikarudi somo la kwanza.

Leo ni michakato.
Kila mchakato, unasema mkono, una mzazi.
Mzazi akifa mbele ya mtoto, mtoto ni yatima
(ndilo neno lenyewe, sikuliongeza mimi)
na yatima huchukuliwa na namba moja,
yule aliyeamka wa kwanza mashine ilipowashwa
na atakayelala wa mwisho.
Rahisi sana, ukasema.

Nikausimamisha hapo hapo.
Nilikuwa darasa la pili. Kiwira, siku ya kuanua tanga,
watu wakiondoka na sufuria zao,
shangazi Subilaga alituhesabu vichwa, vitatu,
akasema viatu vya huyu vitamfaa yule, twendeni.
Hakuna hotuba. Miaka kumi na mitano
aliamka wa kwanza.

Naandika ps, natafuta safu ya mzazi,
nashuka nayo taratibu, mmoja, mwingine, mwingine:
moja.
moja.
moja.
Ndaga, nauambia mkono. Ndaga fijo.
Nauachia uendelee.

"Sasa, kosa wanalofanya wengi hapa ni"

Saa kumi na moja. Kiduara kinazunguka, kinazunguka.

Asubuhi niko kituoni, mizani ya chai inadondosha maji,
Mama Ambilike ananigombeza
nimemkata kilo mbili nzima za umande,
na nyuma yake makapu yamejipanga hadi barabarani.
Naandika uzito, nafuta, naandika.
Kosa lipi?
Mimi nimekwisha kufanya yote niliyoyajua.
Au ni jingine, bado sijakutana nalo,
linanisubiri zamu yake
usiku wa leo, saa sita,
mvua ikiwa nyumbani.